Shajara ya mradi: joto la sindano kavu za misindano kwenye miteremko minne ya kilima kimoja, Mufindi

18 Mei 2024: Swali na eneo

Kila msimu wa moto unapokaribia, wakulima wa miti huku Mufindi hurudia mjadala uleule: barabara za moto, yaani njia zinazosafishwa ili kuzuia moto usivuke, zisafishwe kwanza upande gani wa kilima, ikiwa fedha na vibarua havitoshi kusafisha pande zote kwa wakati mmoja? Wengi wetu tumezoea kusema kwamba mteremko unaoelekea kaskazini ndio mkali, kwa kuwa nyasi zake hukauka mapema, na kwamba mteremko wa kusini ni kinga tuliyopewa bure. Miongozo mingi ya kudhibiti moto wa misitu imeandikwa Marekani na Ulaya, ambako saa ya adhuhuri jua hukaa upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo husema kinyume chetu. Mufindi iko takribani nyuzi 8.5 kusini mwa ikweta, na jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka. Kwa sababu hiyo sioni kwamba jibu lolote kati ya hayo mawili linafaa kupokelewa kabla ya kupimwa hapa hapa.

Mradi huu unapima joto la vitu vikavu vinavyoungua, yaani sindano za misindano (majani yake membamba) zilizoanguka, nyasi kavu na vijiti vyembamba, kwenye miteremko minne ya kilima kimoja, kuanzia mwisho wa mvua hadi mvua zinaporudi. Kilima tulichochagua kiko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800 na kimezungukwa na mashamba binafsi ya Pinus patula, aina ya msindano. Miti yake bado ni michanga na haijagusana matawi, kwa hiyo jua linafika chini pande zote. Sharti hilo ni la lazima: chini ya miti iliyofunga kivuli, upande wa mteremko hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na vipimo vya huko vingetuambia habari za kivuli badala ya habari za jua.

Mwinamo tuliupima kwa simu iliyolazwa juu ya ubao mnyoofu wenye urefu wa mita moja, na tukachagua sehemu zenye takribani nyuzi 20 kila upande. Kituo cha tano kiko kileleni, mahali tambarare, kwa ajili ya ulinganisho. Serikali ya kijiji na wenye mashamba wamejulishwa na wametoa ruhusa.

8 Juni 2024: Vihisi vya kwanza vimeshindwa

Sehemu hii naieleza kwa kirefu kwa sababu kila atakayeiga kazi hii atakutana nayo.

Tulianza na vihisi vya joto vya kidijitali aina ya DS18B20 vilivyomo ndani ya bomba dogo la chuma kisichoshika kutu, vile vinavyouzwa kwa wingi kwa ajili ya kupima maji. Ni rahisi kuviunganisha, na katika maji vinapima vizuri. Tatizo ni kwamba bomba lake lina unene wa karibu milimita 6, wakati sindano ya msindano haifikii hata milimita moja. Kikiwekwa juu ya sindano, chuma hung'aa na kurudisha sehemu ya mwanga wa jua. Kikifukiwa, hupima wastani wa tabaka zima, kuanzia juu penye joto kali hadi chini penye ubaridi na unyevu. Kwa vyovyote vile, kihisi kilikuwa kinatoa joto lake chenyewe, na hatukuwa na njia ya kujua joto la sindano iliyo jirani.

Baada ya hapo tulijaribu themokapoli za aina ya K, ambazo ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha yake ni ndogo na inafaa sana kwa kazi hii. Hata hivyo themokapoli hupima tofauti ya joto kati ya ncha na mahali nyaya zinapoingia kwenye kibao cha elektroniki, kisha kibao hujumlisha joto lake chenyewe ili kupata jibu. Visanduku vyetu vilikuwa juani, hivyo kibao kilipata joto lisilolingana upande hadi upande, na usomaji ukawa unapanda na kushuka kila wingu lilipopita, hata pale ncha ilipowekwa ndani ya kikombe cha maji. Ubaya zaidi ni kwamba kisanduku cha kaskazini kilipata jua jingi kuliko cha kusini, kwa hiyo kosa la kifaa lilikuwa linafuata mkondo uleule wa jambo tunalotaka kulipima. Kosa la namna hiyo haliondoki kwa kuongeza idadi ya vipimo.

Suluhisho lililodumu ni themista, yaani vipingamizi vya umeme ambavyo ukinzani wake hubadilika kwa joto, ndogo zenye umbo la shanga. Tulizipaka rangi ya kahawia isiyong'aa, tukazifunga kwa uzi mwembamba juu ya sindano zenyewe, na visanduku tukavifukia ardhini kwenye kivuli vikiwa ndani ya ndoo ndogo zenye vifuniko. Kila kituo kina themista tatu: moja juu ya tabaka la sindano, moja katikati ya tabaka hilo na moja kwenye udongo.

Panya wa porini walikata nyaya za kituo cha mashariki katika juma la kwanza. Tangu tulipozipitisha ndani ya mrija mwembamba wa plastiki wa maji hawajazigusa tena.

22 Juni 2024: Saa ya ukutani na saa ya jua

Usomaji wa kwanza wa kuaminika ulileta jambo ambalo halikutarajiwa: kila saa sita kamili mchana, mteremko wa mashariki ulikuwa na joto zaidi ya mteremko wa magharibi, hata siku isiyo na wingu lolote. Sababu haiko kilimani bali kwenye saa. Saa za Afrika Mashariki zimewekwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na nyuzi 35. Jua hufika kilele chake Mufindi takribani dakika arobaini baada ya saa sita katika majira haya, hivyo kipimo cha saa sita kamili ni kipimo cha asubuhi kwa hesabu ya jua, na upande wa mashariki hupendelewa. Katikati ya Julai kilele hicho kitakuwa karibu saa sita na dakika 45, na katikati ya Oktoba kitarudi karibu saa sita na dakika 25. Kuanzia sasa vipimo vyote vinapangwa kwa kuhesabu saa kabla na baada ya kilele cha jua cha siku husika. Mwenzetu wa Mombasa au Dar es Salaam hatapata tatizo hili kwa kiwango hiki, lakini wa Kigoma atalipata kubwa zaidi.

Hesabu yenyewe inaweza kufanywa na yeyote mwenye kikokotoo. Nguvu ya jua la moja kwa moja juu ya mteremko hutegemea pembe kati ya miale na mstari uliosimama wima juu ya uso wa mteremko huo: pembe ikiwa sifuri, mteremko hupokea asilimia 100 ya mwale, pembe ikikua, kiasi hupungua kwa kufuata kosaini yake. Karibu na 21 Juni, adhuhuri, jua linakuwa nyuzi 32 kaskazini mwa utosi wetu. Mteremko wa nyuzi 20 unaoelekea kaskazini hupokea asilimia 98 ya mwale, mahali tambarare asilimia 85, na mteremko wa kusini asilimia 62. Wazee waliosema kaskazini ni kukali hawakukosea, kwa mwezi wa Juni.

Vituo vinaafikiana na hesabu. Hewa ilipokuwa karibu nyuzi 20 za Selsiasi, sindano za juu upande wa kaskazini zilizidi nyuzi 45, ilhali za kusini hazikufika 35. Udongo chini ya tabaka la sindano ulikuwa baridi pande zote, na tofauti kati ya pande ilikuwa ndogo. Kwa hiyo anayepima joto la udongo na kudhani amepima hatari ya moto atapata picha ya utulivu ambayo haipo juu ya uso.

13 Julai 2024: Joto linafanya nini hasa

Mwenzetu mmoja aliuliza swali la haki: ikiwa sindano inahitaji kufikishwa kwenye takribani nyuzi 300 ili iwake, tofauti ya nyuzi kumi au kumi na tano kati ya pande mbili ina maana gani?

Ikihesabiwa peke yake, maana yake ni ndogo. Kupasha kilo moja ya sindano kwa nyuzi 25 zaidi hakufiki hata kilojuli 50. Katika modeli ya Richard Rothermel ya mwaka 1972, ambayo bado ni msingi wa hesabu nyingi za kuenea kwa moto, kilo moja yenye unyevu wa asilimia 10 huhitaji takribani kilojuli 840 ili kufikishwa kwenye kuwaka. Unyevu ukishuka hadi asilimia 5, mahitaji hushuka hadi karibu 710. Kinachobadilisha mambo, basi, ni maji, na joto la jua ndilo linaloyafukuza.

Njia yake ni hii. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevuanga (kiasi cha mvuke ikilinganishwa na kile ambacho hewa ingeweza kubeba) wa asilimia 40 ikigusa sindano yenye nyuzi 50, tabaka jembamba la hewa linaloizunguka sindano hupata joto bila kuongezewa mvuke, na unyevuanga wake hushuka hadi karibu asilimia 10. Sindano haiishi katika hewa inayopimwa na kituo cha hali ya hewa kwenye kivuli. Inaishi katika tabaka hilo jembamba. Kijiji kizima kinaweza kuwa na hewa ya asilimia 40, na kilima kikawa na upande mmoja wenye ukavu wa jangwa kwa saa tatu za mchana.

Kwa hiyo tumeongeza upimaji wa unyevu. Sindano za kila kituo huchukuliwa kwenye kopo lenye kifuniko, hupimwa kwa mizani ya usahihi wa gramu 0.1, hukaushwa kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, kisha hupimwa tena. Oveni ya jikoni ilituharibia sampuli za mwanzo: kitufe chake cha kuzungusha kilionyesha 100, lakini kipimajoto kilichowekwa ndani kilionyesha joto la juu zaidi, sindano zikabadilika rangi na harufu ya utomvu ikajaa chumba, maana yake tulikuwa tunapoteza uzito usio wa maji. Hakikisha unakuwa na kipimajoto cha ndani ya oveni, hata cha bei ndogo.

10 Agosti 2024: Ukungu wa kusi, na mbao nne

Takwimu za unyevu hazikukubaliana na hesabu ya jua. Mteremko wa kusini ulikuwa na unyevu kupita kiasi ambacho tofauti ya jua pekee ingeeleza, na wa mashariki pia, ingawa hupata jua mapema. Waliokulia hapa wanaijua sababu: upepo wa kusi unaopanda kutoka ukingo wa kusini-mashariki huleta ukungu na manyunyu hata katikati ya kiangazi, na pande za kusini na mashariki ndizo zinazoupokea kwanza. Zaidi ya hayo, kusini kuna nyasi ndefu na za kijani zaidi, nazo huweka kivuli juu ya sindano. Kilima kilikuwa kinatupa athari tatu kwa pamoja, za jua, ukungu na mimea, na hatukuweza kuzitenganisha.

Tulifanya mambo mawili. La kwanza, katika kila kituo tuliweka trei ya wavu wa dirisha yenye sindano za aina moja, kutoka rundo moja, zenye kina kile kile, ili tofauti za mimea ziondoke. La pili, na ndilo lililosaidia zaidi, tulitengeneza mbao nne zenye mwinamo wa nyuzi 20 na kuziweka zote mahali pamoja, kwenye kiwanja tambarare kando ya kitalu cha miche, kila ubao ukielekea upande wake. Hapo ukungu ni uleule na upepo ni uleule, kinachobaki ni jua. Joto la uso wa mbao hupimwa kwa kipimajoto cha infraredi, kinachosoma joto kwa mbali bila kugusa.

Kuhusu kifaa hicho, tahadhari mbili. Vile vya kupima homa vilivyobaki tangu wakati wa korona havifai, kwa kuwa vimetengenezwa kwa joto la mwili na huacha kusoma joto likipita nyuzi 40 kwa kidogo tu. Vya mafundi vinafaa, lakini soma uwiano wa umbali na eneo. Chetu ni cha 12 kwa 1, kwa hiyo ukisimama mita 1.2 kutoka kwenye ubao kinasoma duara la sentimita 10. Ukisogea mbali zaidi kinaanza kuchanganya ubao na nyasi za pembeni.

Mbao zilijibu kwa uwazi. Tofauti ya kaskazini na kusini ilibaki, lakini ilikuwa ndogo kuliko ile ya kilimani, na mashariki ikaacha kuwa na unyevu wa ajabu. Sehemu ya ubaridi tunaousifu kwenye mteremko wa kusini ni zawadi ya ukungu, na ukungu hauna ahadi: siku kusi linapolegea, zawadi hiyo haipo.

14 Septemba 2024

Utaratibu ni uleule. Betri zimebadilishwa, na kadi ya kumbukumbu ya kituo cha magharibi imepotea pamoja na kifuniko cha ndoo. Tangu hapo ndoo zina maandishi makubwa yanayoeleza zinafanya nini na kwamba ndani hamna kitu cha kuuza.

Tofauti ya kaskazini na kusini inapungua kila wiki. Katikati ya Agosti hesabu ilitoa asilimia 100 kwa kaskazini na 74 kwa kusini. Ifikapo 23 Septemba itakuwa 98 kwa 88. Nyasi za mteremko wa kusini, ambazo mwezi Juni zilikuwa bado za kijani, sasa zimegeuka rangi.

19 Oktoba 2024: Tofauti imetoweka, nyingine imezaliwa

Huu ndio msimu tuliousubiri. Karibu na 14 Oktoba jua la adhuhuri linapita juu ya utosi, na kuanzia hapo linaingia upande wa kusini. Mteremko wa kaskazini na wa kusini, kila mmoja ukiwa na nyuzi 20, hupokea asilimia 94 kwa 94. Kwenye mbao hatuwezi tena kuzitofautisha pande hizo mbili kwa joto wala kwa unyevu. Zote zilizidi nyuzi 50 adhuhuri, na unyevu wa sindano ukashuka hadi asilimia 5 au 6. Kilimani, siku zenye ukungu, kusini bado huchelewa kukauka asubuhi. Siku zisizo na ukungu hakuna kuchelewa. Ule mteremko unaoitwa kinga umekoma kuwa kinga katika mwezi ambao kila kitu kingine ni kikavu kuliko wakati wowote wa mwaka, na ambao watu wengi zaidi wanachoma mashamba kwa ajili ya kilimo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mipango mingi ninayoiona huacha barabara za kusini ziwe za mwisho kusafishwa, na mwisho huo huangukia Oktoba.

Wakati huohuo tofauti ya mashariki na magharibi imekuwa kubwa mno. Saa tatu baada ya kilele cha jua, yaani karibu saa tisa na dakika 25 alasiri, mteremko wa magharibi hupokea asilimia 91 ya mwale na wa mashariki 43 tu, zaidi ya mara mbili. Uwiano huo unapita hata ule wa kaskazini na kusini wa mwezi Juni. Asubuhi mambo hugeuka, lakini hatari haigawanyiki sawa, kwa sababu jua la asubuhi hukuta hewa ya baridi na umande, ilhali la alasiri hukuta hewa iliyofika joto lake la juu na ukavu wake wa mwisho, pamoja na upepo unaopanda mlima. Moto ukianza chini ya mteremko wa magharibi saa tisa, una sindano kavu kuliko zote za kilima kizima, na una upepo na mwinamo vinavyousukuma kuelekea juu.

Mawingu ya alasiri yanayotangulia mvua yameanza kuonekana, na siku yanapojikusanya mapema magharibi hupoa na kufanana na mashariki. Mlinzi wa zamu asiyachukulie kuwa nafuu ya kudumu: themista za juu zinaonyesha sindano zikirudi kwenye joto lake ndani ya dakika chache baada ya wingu kupita.

Kwa wasomaji wa mahali pengine, badilisheni latitudo tu. Kilimanjaro, iliyo karibu nyuzi 3 kusini, hupitiwa na jua juu ya utosi mwishoni mwa Septemba. Moto mkubwa wa mlimani ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 ulitokea wakati jua la adhuhuri lilikuwa tayari limehamia kidogo kusini, hivyo kwa jua peke yake hakukuwa na upande wa kusini wa kutegemewa. Njombe itachelewa siku mbili tatu nyuma yetu.

30 Novemba 2024: Kufunga msimu, gharama na hatua inayofuata

Mvua zimeanza na vifaa vimeondolewa. Vibao vitano vya elektroniki vya Arduino, vinavyosoma vihisi, pamoja na sehemu za kadi viligharimu shilingi 225,000, themista na vipingamizi 30,000, kipimajoto cha infraredi 70,000, mizani 40,000, mbao, wavu na rangi 85,000, betri 35,000. Vihisi vya kwanza vilivyoachwa, yaani DS18B20 na themokapoli, vilikula 90,000 ambazo anayeanza leo hana haja ya kuzitumia. Jumla ni shilingi 575,000, bila kuhesabu umeme wa oveni, nauli na nguvu za watu. Kwa asiye na uwezo huo, mbao nne, mizani na kipimajoto cha infraredi zinatosha kupata sehemu kubwa ya majibu haya.

Wenye mashamba yanayozunguka kilima wamekubaliana kubadilisha ratiba ya mwaka 2025. Barabara za kaskazini zitasafishwa kufikia mwisho wa Juni, za magharibi na kusini kufikia katikati ya Septemba, na za mashariki zitafuata. Zamu ya ulinzi ya Oktoba itahamishwa kutoka asubuhi kwenda kati ya saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, na mlinzi atakaa mahali anapoona miguu ya mteremko wa magharibi.

Kipimo kinachofuata kitafanyika ndani ya shamba la miaka minane lililopunguziwa miti hivi karibuni, ambako jua sasa linafika chini kwa mabaka, na sindano na matawi ya upunguziaji yamelala kwa kina kikubwa. Mbao nne zitapelekwa huko mwezi Juni.